Spika za Mzee Ussene

Jumatatu, 2 Desemba 2013

Mvua zimeanza na koni za spika hazikauki. Tulizianika barazani tangu Ijumaa, na leo asubuhi zimelegea zote kama andazi lililodumbukia kwenye chai. Mkwe wangu, Mzee Ussene, alizibonyeza moja moja kwa kidole, akasema, "Tutazipika upya," kisha akaenda kunywa uji wake. Hiyo "tutazipika" maana yake ni mimi.

Naandika haya kwa sababu mke wangu, Atija, amechoka kunisikiliza. Amesema nikiwa na la kulalamika niliandike, karatasi haiumwi kichwa. Haya. Mimi ni Rama, mtu wa Mtwara. Nilivuka Ruvuma nikaja hapa Mtepwe, pwani ya Palma, kuuza betri, nikaoa, nikabaki. Sasa natengeneza spika kwenye kiwanda cha baba mkwe. Ndugu zangu wa Mtwara wakisikia neno kiwanda hucheka, maana ni banda la udongo lenye meza mbili, betri ya gari na kinu. Lakini kutoka Pundanhar mpaka kisiwa cha Vamizi, ni shida kupata msikiti ambao spika yake haikuzaliwa kwenye banda hilo.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimepika koni kutwa. Watu hudhani spika ni umeme. Mzee husema spika ni karatasi, umeme unakuja kuisalimia tu. Mifuko ya saruji inaloweshwa, inatwangwa kinuni kama kisamvu, inachanganywa na utomvu wa mkorosho, inabandikwa juu ya kifinyango cha udongo, halafu inaachwa kivulini ikaushwe na upepo wa bahari. Jua likiipata inakunjika. Ikikosa upepo inaota ukungu. Mikorosho ya utomvu iko nyuma ya banda, bahari iko mbele, na Mzee yuko katikati tangu uhuru.

Wakati natwanga alinisimulia tena alivyoanza. Sikumkatiza, ingawa kisa nakijua kama jina langu. Alivuka Ruvuma akiwa kijana, wakati wa vita vya kumtoa Mreno, akaangukia Mtwara kwa fundi redio wa Kihindi aliyemweka kufagia. Akafagia mpaka akajua. Uhuru ulipopatikana alirudi kwa miguu na sumaku moja kubwa ameifunga kwenye kanga. Njia nzima ikawa inanasa sindano na visu vya watu, na wenzake wakakataa kulala karibu naye.

Spika ya kwanza aliiundia ndani ya sanduku la sabuni. Kipaza sauti chake alikitoa kwenye simu ya mezani iliyoachwa na Mreno mmoja mwenye minazi. Ikatumika kwenye mikutano ya chama, kisha kwenye kisomo cha watu wazima, kisha matangani. Vita vya pili, vya wenyewe kwa wenyewe, vilipokuja aliizika mchangani. Vilipokwisha aliifukua, akaifuta, ikasema.

Siku hizi spika za Kichina zinavuka kutoka kwetu Mtwara kwa bei ya kuku. Zina besi, vijana wanazipenda. Mwaka jana nilimshauri Mzee na sisi tutie besi kidogo. Aliniangalia kama amenikuta natema mate kisimani. Spika zake hazijui ngoma, zinajua mtu anayesema. Ukifumba macho unaweza kuapa msemaji yuko chumbani kwako, unasikia hata anavyomeza mate.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua. Koni mbili tu zimepona.

Jumatano, 18 Desemba

Wamekuja wageni kwa gari lenye matairi yanayomfika Atija kiunoni. Dona Graça, mama wa makamo kutoka Maputo, amepewa kazi na watu wa gesi ya kuzungumza na vijiji. Amefuatana na Tarique, kijana wa Palma mjini, anayemtafsiria.

Kwamba gesi imeonekana baharini, hilo hapa linajulikana hata na mbuzi. Tulilokuwa hatulijui ni kwamba kiwanda chake kinatakiwa kikae hapa tulipo. Mama yule alilisema kwa upole, na Tarique akalitafsiri kwa upole zaidi. Mtepwe inaombwa ihame, iende bara, kwenye nyumba mpya za bati. Halitafanyika lolote bila wenyewe kukubali. Kutakuwa na mkutano wa kijiji kizima, na wanataka kukodi spika zetu, kwa sababu wamesikia sifa zake.

Mzee aliuliza swali moja. "Huko bara kuna upepo wa bahari?"

Tarique hakulitafsiri. Alitabasamu tu, akaangalia viatu vyake.

Walipoondoka Atija alimjia juu baba yake. "Baba, watu wanataka kukuhamisha na wewe unawapa spika?"

"Nawapa."

"Kwa nini?"

"Wao wana gari, wana Kireno, wana na empresa, kampuni nzima nyuma yao. Sie tuna nini, mwanangu? Tuna hizi. Siku Mtepwe ikisema hatutaki, mie nnataka isikike mpaka Maputo."

Atija hakuridhika, lakini mimi nilimwelewa. Mzee anaelekea miaka sabini. Huko bara koni hazitakauka, mikorosho yake itabaki huku, na umri wa kuipanda mingine na kuingoja hana. Mtepwe ikihama, spika za Mzee Ussene zimekwisha duniani, na nadhani na yeye mwenyewe hatakawia. Naogopa kuliandika hili lakini ndilo lililopo.

Ijumaa, 3 Januari 2014

Mzee amekuwa kijana. Anaamka kabla yangu, anaimba chinichini. Anaunda kitu anachokiita kipaza sauti cha watu. Kipaza sauti cha kawaida kinamsikia yule aliyekishika. Hiki kina mdomo mpana, kitatundikwa juu katikati ya mkutano kimsikie kila mtu pale pale alipoketi. Anasema watu wetu wanaona haya kusimama mbele ya wageni, basi sauti zao zifuatwe zilipo.

Nilimwambia kitaleta kelele. Akasema, "Kelele ya watu wengi wakisema neno moja si kelele, Rama."

Jumatatu, 6 Januari

Kimeleta kelele. Anakifungua upya.

Jumanne, 14 Januari

Maulidi yamesomwa hapa kwetu, na tumekijaribu kipaza sauti cha watu. Shehe Chamsudine wa msikiti wetu alisoma, na kila alipofika pa kuitikia, kijiji kizima kilitoka kwenye spika kwa pamoja, wazee, akina mama nyuma ya pazia, watoto wenye mafua. Atija alilia. Hata mimi mwenye moyo wa kichuuzi nilisisimkwa.

Mzee alikuwa amekaa peke yake mbali, upande wa pwani, anasikiliza. Alirudi watu wameshatawanyika. Alinipiga bega tu, na kwake yeye hiyo ni hotuba.

Jumamosi, 25 Januari

Nimetoka mkutanoni. Sina hamu ya chakula, naandika.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye amplifaya. Mimi ni mkwe, na hapa mkwe hana neno juu ya ardhi ya wakweze. Anabeba viti, anafunga waya, ananyamaza. Kwa hiyo nilikaa na vitufe vyangu, kipaza sauti cha watu kikiwa kimetundikwa juu katikati ya mkutano. Pembeni yangu alikuwa fundi wa Dona Graça. Alichomeka waya wake kwenye amplifaya yetu, akawa ananasa kila kitu kwenye mashine ndogo ya kiganjani.

Dona Graça alisema, Tarique akatafsiri. Nyumba za bati, visima, shule, fidia ya kila mti. Sauti ilifika vizuri. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Kimya. Hata watoto walinyamaza. Asiyetujua angesema tumekubali, au hatukuelewa. Lakini hapa mgeni akileta jambo zito hajibiwi hapana usoni siku ile ile. Analishwa, anashukuriwa, anasindikizwa, na siku ya tatu wazee wanamfuata na jibu. Na jibu lilikwisha kupikwa tangu wiki iliyopita nyumbani kwa Shehe, kwamba hatuhami. Ilikuwa inangojwa adabu itimie.

Tarique analijua hilo, ni mtoto wa pwani hii. Nilimwona anainama kumnong'oneza mama yule, na mama akaitazama saa yake, na angani, ambako wingu lilikuwa linajikusanya juu ya ghuba ya Tungue. Akasema basi tumalize kama ilivyo desturi ya hapa, kwa dua. Alikuwa ameambiwa na mtu kwamba bila dua mkutano wetu haujafungwa, na ni kweli.

Wakamwendea Shehe Chamsudine. Nilikuwa karibu, nilisikia. Tarique alisema, "Shehe, mama anaomba uwaombee watu, na huko kuhama, Mungu ajaalie kuwe kwepesi."

Shehe alisita. Nilimwona anatafuta pa kupitia. Lakini mgeni akikuomba dua utamwambiaje, dua hiyo sina? Akainua mikono.

"Ee Mola wetu, tujaalie kheri katika makazi mapya."

"Amin," wakaitikia watu.

"Utufanyie wepesi kuhama kwetu."

"Amin."

"Na jambo hili lililoletwa mbele yetu ulitie baraka zako."

"Amin."

Sikujua kama tuna sauti kubwa namna ile. Wakati wa maswali hakuna aliyethubutu kukohoa, na sasa kipaza sauti cha watu kilikuwa kinawakusanya wote, mpaka nguzo zilizobeba spika zikatetemeka. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe. Ningeweza kupunguza. Lakini ni nani anayeipunguza dua? Nilitoa kidole, nikainua mikono, nikasema Amin na mimi.

Mvua ilianza kabla hatujamaliza kukunja waya.

Jumanne, 28 Januari

Siku ya tatu. Wazee wameenda Palma na jibu, Mzee Ussene na Shehe wakitangulia. Wamerudi wamelowa.

Mama yule aliwapokea vizuri sana, aliwapa soda na viti vya kuzunguka. Waliposema hatuhami, alishangaa kikweli. Alimwita fundi wake, wakasikilizishwa ile mashine. Akawaambia, "Lakini mlishakubali, senhores. Kijiji kizima. Na mlikubali kwa sala, jambo zito kuliko hata sahihi." Ameshapeleka habari Maputo.

Shehe alijaribu kueleza. Anasema kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mtu anayejitoa kwenye maneno yake.

Alhamisi, 6 Februari

Kutwa mvua, na kutwa watu wako barazani kwetu. Jambo ni moja. Je, Amin inarudishwa?

Wengine wanasema dua si mkataba. Wengine wanasema maji yakimwagika hayazoleki, tumeomba, tumeitikia, tukae kimya tusije tukaapizwa. Shehe Chamsudine amekonda. Anasema, "Mie niliomba kheri. Kheri yaweza kuwa kubaki." Mmoja akamjibu, "Ulisema kuhama kwetu, Shehe. Tulisikia. Spika za Ussene hazina kigugumizi." Watu wakacheka, kisha wakaona aibu.

Hapo ndipo tulipokwama. Ili useme hukukubali, ni lazima usimame mbele ya watu useme, mdomo wangu uliitikia dua na moyo wangu haukuwamo. Na huyo kwa jina lake anaitwa mnafiki. Nani atakayeanza? Kila mtu alimwangalia mwenzake.

Mzee Ussene alikuwa anasugua sumaku kwa kitambaa. Akasema bila kuinua kichwa, "Ntasema mie. Niiteni mnafiki, nimefika umri wa kuitwa chochote."

Waliondoka barazani wamechangamka kidogo. Tutaomba mkutano wa pili.

Jumatano, 12 Februari

Barabara ya Palma imekatika. Koni zimeota ukungu.

Jumatano, 19 Februari

Tarique amekuja kwa miguu, suruali imelowa mpaka magotini. Kabla ya leo nilikuwa namwona msaliti, na nilipanga maneno ya kumwambia. Atija alimtilia wali, akala kama mtu aliyefunga tangu jana, na maneno yangu yakaniishia.

"Kaka Rama," akasema, "nilimwambia yule mama angoje siku ya tatu. Nilimwambia. Akasema ratiba haina siku ya tatu."

"Sasa anajua kuwa alikosea?"

"Hajui. Ndiyo tabu yenyewe. Angekuwa mwongo ningemwachia kazi yake. Yeye anaamini. Usiku anawapigia wanawe simu anawaambia kuna watu huku wamempokea kwa sala. Akisimulia analengwalengwa na machozi."

Sikujua nimchukie nani tena. Ilikuwa rahisi zaidi alipokuwa mtu mbaya.

Jumanne, 11 Machi

Wamepita vijana wa watu wa gesi na makopo ya rangi, wanapiga namba kwenye kuta za nyumba zitakazohamishwa. Banda letu limepigwa nyekundu. Walimuuliza Mzee hapa ni nini, akawajibu ni kiwanda. Waliandika stoo. Mikorosho wakaihesabu kama mikorosho.

Mzee alitoka na maji akajaribu kuisugua ile namba. Haikutoka. Alisugua mpaka udongo ukaanza kubanduka, nikamshika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi sana.

Jioni Tarique ametuma neno. Mkutano wa pili umekubaliwa, Jumamosi ya wiki ijayo. Dona Graça amesema yuko tayari kusikiliza upya. Mzee amesema, "Unaona? Ni mtu wa kuongea naye."

Ijumaa, 21 Machi

Mvua imepumzika, upepo umeanza kugeuka. Mzee amefanya mazoezi kutwa ya maneno yake, anamwambia mbuzi. Shehe amekuja kumwambia kwamba akimaliza na yeye atasimama. Na wengine watatu wameapa. Kwa mara ya kwanza tangu Januari Mtepwe ina sauti za watu wanaotania.

Atija ameniita jikoni. "Yule fundi atakuja na ile mashine yake. Wakiifungulia ile dua, wewe zima. Usimtazame mtu usoni, zima tu. Nani atajua? Utasema betri."

Nimeahidi. Nimemwahidi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuniamini.

Jumamosi, 22 Machi

Watu walijaa mapema. Nilifunga waya mwenyewe, nikakaa kwenye amplifaya, kidole kwenye kitufe tangu mwanzo.

Mzee Ussene alipewa kipaza sauti. Nilimsikia akimeza mate, na kijiji kizima kilimsikia. Akasema, "Bismillahi. Mie Ussene, mtengeneza spika. Siku ile niliitikia dua. Niliitikia kwa kuwa ni dua. Kuhama sikukubali. Wala watu hawa hawakukubali. Kama ni unafiki, basi uandikwe wangu."

Upande wa akina mama ulipasuka vigelegele. Shehe Chamsudine aliegemea mbele tayari kuinuka. Nasema kweli, kwa muda ule mfupi niliona tumebaki. Niliona mpaka koni zimekauka.

Dona Graça hakukasirika. Aliweka mkono kifuani, akasema maneno marefu, na Tarique akayatafsiri kwa sauti ya mtu anayebeba mzigo. Alisema anamheshimu sana mzee. Hataki mtu yeyote asemewe. Ndiyo maana anaomba kijiji kijisikilize chenyewe, kisha chenyewe kiamue. Akamwashiria fundi wake, na fundi, aliyekwisha kuichomeka mashine yake kwenye amplifaya yangu, akabonyeza.

"Ee Mola wetu," ikasema sauti ya Shehe.

Ilikuwa yeye hasa. Shehe mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele na mdomo umefungwa, na sauti yake iko juu yetu, na pumzi zake, na ule mkwaruzo wa kifua alionao masika. Kama zingekuwa spika za Kichina tungesikia mashine. Hizi zilitupa mtu anayeomba.

Mikono ilianza kuinuka. Kwanza wazee, halafu wengine, nadhani wengi hawakujua kama wanainua. Nilimtazama Mzee. Alikuwa bado amesimama na kipaza sauti mkononi. Alikitazama kama anatafuta pa kukiweka, akakibana kwapani, akainua viganja vyake viwili.

"Tujaalie kheri katika makazi mapya."

"Amin," wakasema watu wa Januari kutoka kwenye spika, na sisi tukasema pamoja nao. Shehe aliitikia dua yake mwenyewe. Mara tatu tuliitikia. Kidole changu kilikuwa pale pale kwenye kitufe, na mkono wangu mwingine ulikuwa juu.

Ilipokwisha tulipangusa nyuso kwa viganja. Dona Graça alikuwa anafuta machozi kwa leso. Tarique hakutafsiri kitu, hakukuwa na cha kutafsiri. Mzee Ussene alikitoa kipaza sauti kwapani, akaja kunikabidhi. Halafu akakaa chini mchangani miongoni mwa watu. Shehe hakuinuka. Wale watatu walioapa sikuwaona tena.

Nyumbani Atija alinisubiri jikoni. Alikuwa anapepeta mchele, na hakuniangalia.

"Uliahidi," akasema.

Nilimwambia nilishindwa. Nilimwambia kitufe kilikuwa chini ya kidole changu na nilishindwa. Kisha nikamuuliza kama yeye hakuitikia.

Alipepeta, makapi yakiruka, mchele ukishuka.

"Niliitikia," akasema. "Ingekuwa dua ya kutuua sote, Rama, ningeitikia."